Chenso ya Shemeji

Fundi aliziweka chenso mbili, misumeno ya injini ya kukatia miti, mezani, ubavu kwa ubavu, akafuta mikono kwa tambara, akaniambia: "Haya kaka, niambie ipi ni ipi."

Zote zilikuwa kubwa, rangi ile ile ya chungwa, zimeandikwa 070 ubavuni. Moja imechakaa hadi rangi imebanduka pale kiganja kinaposhika. Nyingine bado inang'aa. Nikainama nitazame vizuri. Kwenye ile kuukuu, namba ya mashine ilikuwa imegongwa kwenye chuma chenyewe. Kwenye mpya namba ilikuwa juu ya karatasi ya kubandika, na kona moja ya karatasi ilikuwa imeshaanza kunyanyuka. Mapezi ya kupoozea silinda kwenye kuukuu yalikuwa membamba na yamenyooka. Kwenye mpya yalijaa vipele ambavyo hakuna aliyejisumbua kuvisaga.

"Hii inayong'aa ni kopi," nikasema.

"Kopi. Na zote zimeletwa kwa tatizo moja, pistoni imekwaruzika. Hiyo kuukuu imepiga kazi miaka na miaka. Hii mpya haikumaliza msimu."

Nikadhani maneno yameishia hapo: nunua orijino, achana na kopi. Lakini fundi aligusa ile kinga iliyo mbele ya mpini, inayolinda mkono wa kushoto, akaisukuma mbele kwa nguvu. Haikusogea.

"Hakuna breki hapa. Kwenye kopi hakuna, na kwenye orijino hakuna. Kijana aliyekuwa anaitumia hii kuukuu ana kovu kuanzia hapa mpaka hapa." Akapitisha kidole kutoka begani hadi chini ya sikio.

Nilikuwa nimekwenda Mafinga kumsaidia shemeji kuchagua chenso. Wiki zimepita na lile kovu, ambalo hata sikuliona kwa macho, bado linanisumbua.

Jina lililo midomoni

Uliza habari za chenso popote kati ya Mafinga na Makambako, utajibiwa jina kabla hujamaliza swali. Sabini, yaani Stihl 070. Baba zetu walikata kwa sabini, wajomba walikata kwa sabini, na mtu akitaka kukuonyesha kwamba anaijua kazi atakwambia nyingine zote ni za kufyekea ua.

Sifa zake si za uongo. Injini inazidi cc 100, inavuta bapa refu (ule upanga wa chuma unaozungukwa na cheni) bila kulalamika, na ndani yake hamna mambo mengi, kwa hiyo fundi wa kijijini anaifungua na kuifunga akiwa amekaa juu ya gogo. Kwa watu waliopasua magogo makubwa ya mninga na mkongo huko porini, bila dingdong (mashine ndogo ya kupasulia mbao) na bila umeme, ilikuwa ndiyo mashine yenyewe.

Lakini ni mashine iliyobuniwa miaka ya 1960. Ina uzito wa kama kilo 10 kabla hujafunga bapa na cheni. Na kwa kuwa inapendwa, inanakiliwa sana, mpaka mnunuzi wa kawaida anayesema ana sabini hana hakika ana nini.

Tena shemeji hakati mkongo.

Tulipita shambani na futi kamba

Hili ndilo jambo la kwanza tulilofanya, na ningemshauri mtu yeyote alifanye kabla ya kuingia dukani. Shamba lipo kwenye vilima vya Mufindi: paini upande wa juu, milingoti (mikaratusi) bondeni, na miwati michache mpakani. Paini zikikomaa huuzwa zikiwa zimesimama, na mwenye dingdong huja na watu wake na mashine zake. Kazi ya shemeji mwenyewe ni milingoti. Anatoa nguzo ndogo za kujengea, na kilichobaki kinakatwa vipande vya mita moja moja, kinapangwa, kinauzwa kuni. Viwanda vya chai vya huku hukausha majani kwa moto wa kuni, kwa hiyo soko lipo.

Tulipima miti kwenye usawa wa kifua. Mingi ilikuwa na unene wa sentimita 20 hadi 30. Ile mikongwe ya kando ya mto ilizidi 40, nayo ni ya kuhesabika.

Mti wa sentimita 30 hauhitaji bapa la inchi 30. Bapa la inchi 18, yaani kama sentimita 45, linaukata mara moja na kubaki, na mti mnene zaidi unaukata kwa kuzunguka pande mbili. Bapa la namna hiyo linabebwa vizuri na injini ya cc 50 hadi 60. Ukishuka hadi vile vidogo vya cc 30, vinafaa kupogolea miembe na kukata kuni za jikoni, lakini ukivishindisha kwenye milingoti mikavu vitachemka. Mlingoti mbichi ni mpole. Ukiuacha ukauke ndipo unaujua.

Tulikuwa tumezungumza juu ya sabini majuma mazima kabla ya kupima hata mti mmoja.

Swali la kuuliza dukani

Muuzaji yeyote atakuwashia mashine mpya na itawaka. Hilo halikuonyeshi kitu. Mimi niliamua kuuliza kitu kimoja kila duka: "Naomba unionyeshe pampu ya oili ya cheni ya mashine hii, klachi yake, na kamba ya kuwashia." Sikutaka anieleze kwamba zinapatikana. Nilitaka aziweke mezani.

Duka moja lilikuwa na chenso zimepangwa hadi darini, na hakuna hata chujio la hewa la akiba. Muuzaji akaniambia nikipata tatizo nimpigie, ataagiza Dar. Duka jingine lilikuwa dogo, mashine chache, lakini mama aliyekuwepo alivuta droo moja baada ya nyingine: plagi, chujio, springi za klachi, cheni ya mita inayokatwa na kuungwa kwa kipimo chako. Akaniuliza pia nani atakuwa fundi wetu. Nilipomtajia, akasema anamjua, huwa anakuja kuchukua vitu kwake. Pale pale nilijua tutanunua wapi, ingawa bado sikujua tutanunua nini.

Kwa wanaopenda majina: Stihl ya Ujerumani na Husqvarna ya Sweden ndizo zilizozoeleka zaidi kwa watu wa kazi, na zote zina mashine za kati zenye breki. Stihl MS 250 ina cc 45, MS 381 ina cc 72, Husqvarna 372 ina cc karibu 71. Hizo mbili za mwisho ni za mtu anayekata kila siku, tena miti minene.

Halafu zipo za Kichina za cc 52 na 58, zenye majina mengi na umbo moja. Sizidharau. Spea zake huingiliana kati ya jina na jina, bei yake mtu wa kawaida anaiweza, na kwa familia inayokata kuni za nyumbani mara chache kwa mwaka inatosha. Shida yake ni kwamba mbili zilizotoka boksi moja zinaweza kuwa na maisha tofauti kabisa. Kwa biashara ya kuni, ambapo lori limeshalipwa na limesimama barabarani linasubiri mzigo, siwezi kumshauri mtu aingie kwenye bahati nasibu hiyo.

Jino

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu nusu ya mashine zinazotukanwa kuwa mbovu ni meno tu.

Mwaka 1946 huko Oregon, Marekani, mkata miti aitwaye Joseph Cox alikuwa akipasua kuni alipoona funza wa mbawakawa wakila kisiki. Funza hao walikuwa wanatafuna mti wakifuata nyuzi na kukatisha nyuzi bila kujali, kushoto na kulia, kwa taya zilizopinda. Cheni za wakati huo zilikuwa na meno ya kukwaruza, mfano wa msumeno wa mkono, na zilikula muda mwingi kunolewa. Cox akatengeneza jino lililopinda, moja la kushoto, moja la kulia, akaanza kuuza cheni hiyo mwaka uliofuata. Chukua cheni ya chenso yoyote leo, iwe ya Ujerumani au ya Uchina, utaona taya za wale funza.

Sasa litazame jino lenyewe. Nyuma kuna makali. Mbele yake kuna kinundu kifupi. Makali hukata, kinundu hupima makali yaingie kwa kina gani. Kwa cheni ya 3/8, ambayo mashine nyingi za kazi huivaa, kinundu kinatakiwa kiwe chini ya makali kwa milimita 0.65 hivi, na tupa ya mviringo ya kunolea ni ya milimita 5.2 au 5.5, kutegemea mtengenezaji wa cheni. Watu wengi wananoa kwa tupa yoyote iliyopo, na kinundu hawakigusi mwaka mzima. Jino linapungua kila linaponolewa, kinundu kinabaki pale pale, mwisho makali hayafiki tena kwenye mti. Mashine inatoa vumbi badala ya vipande vya mti. Anayekata anaanza kuigandamiza, injini inachemka, na mwenye mali anasema kauziwa feki.

Wapo pia wanaokipiga kinundu tupa mpaka kiishe ili "ing'ate". Inang'ata kweli, na inaruka.

Mashine ikiwa na makali sahihi haihitaji kusukumwa. Uzito wake wenyewe unatosha kuishusha, na kinachotoka chini ni vipande vinene vya mti unavyoweza kuviokota kimoja kimoja.

Mafuta, na kushuka Kilombero

Uchanganyaji wa petroli na oili ndio unaoua pistoni nyingi. Oili nzuri ya injini za aina hii huchanganywa moja kwa hamsini: kwa lita 5 za petroli, mililita 100. Oili ya kawaida ya tustroku, wengi hushauri moja kwa ishirini na tano, yaani mililita 200 kwa lita hizo hizo. Kupima kwa kifuniko cha chupa ya maji ni kubahatisha kwenye kitu cha gharama. Na ile oili chafu iliyomwagwa gereji, ambayo watu huitia kwenye tanki la kulainishia cheni, ina chembe za chuma zinazokula pampu na bapa, tena inarukia mikono na nguo za anayekata siku nzima.

Lakini fundi alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Vijana wa Mafinga huitwa pia kazi za bondeni, Kilombero, kwenye mitiki. Mafinga tuko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Fundi hurekebisha kabureta ipunguze petroli ili injini isilowe. Mashine ile ile ikishuka Ifakara, ambako ni chini kwa zaidi ya mita 1,000, hewa inakuwa nzito, petroli inakuwa haba, na kwa kuwa oili husafiri ndani ya petroli, pistoni inakosa kulainishwa. Mwanzoni mashine inasikika ina nguvu kuliko kawaida, inalia kwa sauti nyembamba, kila mtu anafurahi. Siku chache tu, imekwaruzika.

"Nusu ya zinazokuja hapa zimetoka bondeni," alisema. "Wangenipitia kabla ya kuteremka, ni kazi ya kugeuza skrubu."

Kama mashine yako ina kabureta ya kurekebishwa kwa mkono na unahama mwinuko, mpitie fundi.

Anayenunua na anayeshika

Nirudi kwenye breki, maana hapa ndipo tulipokwama mimi na shemeji.

Sehemu ya juu ya ncha ya bapa ikigusa kitu, gogo lililojificha nyuma au tawi, cheni inayokwenda mita kama 20 kwa sekunde inakwama na kulirusha bapa juu na nyuma. Linakuja usoni, shingoni, begani. Hakuna binadamu anayewahi. Ndiyo maana tangu miaka ya 1970 watengenezaji wakubwa walianza kuweka breki: mashine ikirushwa, ile kinga ya mbele inagonga kifundo cha mkono, au inajisukuma yenyewe kwa kishindo, na ukanda wa chuma unabana ngoma ya klachi. Cheni inasimama kabla hujajua kilichotokea.

Muuzaji mmoja aliniambia vijana wengi huiondoa. Nikamuuliza kwa nini. "Inawasumbua, inajifunga." Fundi alikuwa na jibu lingine: haisafishwi, vumbi linaganda ndani, na mtu akikanyaga mafuta huku imefungwa anaunguza klachi, kisha anailaumu breki.

Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole: "Kaka, wewe uko mjini. Baba alikata kwa sabini maisha yake yote na hakupata hata mchubuko. Hiyo tofauti ya bei ni mbolea ya ekari moja."

Sikuwa na la kumjibu. Alichosema ni kweli. Mzee yule alikuwa mkata miti hodari, na fedha ni za shemeji, si zangu. Nilijiuliza kama nina haki ya kumwongezea mtu gharama kwa sababu ya kovu la mtu nisiyemjua.

Kilichonitoa kwenye shaka ni hesabu nyepesi: shemeji hatakata. Ana mgongo mbovu. Atakayeishika mashine hiyo ni kijana wa jirani, kibarua, anayelipwa kwa mita ya kuni zilizopangwa. Tulikuwa tumezunguka Mafinga yote tukijadili mashine atakayoibeba yeye, na hakuna aliyekuwa amemwita.

Nikamtafuta. Nikamsalimu, kamwene, nikamwuliza angetaka chenso ya namna gani.

Alifikiri kwanza. Akasema anataka inayowaka kwa mvuto mmoja, kwa sababu kwenye mteremko huna pa kuegemea mguu. Na iwe nyepesi. "Asubuhi zote ni nyepesi. Jioni ndiyo mikono inaanza kutetemeka, na jioni ndipo mwenye lori anaharakisha." Breki hakuitaja. Nilipomwuliza, akasema hajawahi kufanyia kazi mashine ambayo breki yake inashika.

Hapo ndipo nilipoona kwa nini mazungumzo yetu ya mwanzo yalikuwa na kasoro. Kwa mwenye shamba, mashine ya kuaminika ni ile isiyozima lori likiwa linasubiri. Kwa yule kijana, ni ile itakayozima palepale inapotakiwa kuzima, na isiyomchosha hadi akakosea. Mmoja ana fedha, mwingine ana shingo. Na milingoti haisamehe: mti ulioinama una mvutano ndani yake, ukiukata kwa nyuma kwa papara unapasuka kwenda juu, na kipande cha shina kinarudi nyuma kwa kishindo usawa wa kifua. Wanaojua hukata mdomo upande wa maangukio, hutoboa katikati kwa ncha ya bapa wakiacha bawaba mbele na utepe nyuma, kisha ndipo humalizia ule utepe. Kazi hiyo ya kutoboa kwa ncha ndiyo hasa inayoweza kurusha mashine. Siwezi kumwambia mtu aifanye kwa chenso isiyo na breki.

Nilimweleza shemeji maneno ya kijana, yale ya jioni. Alinyamaza, kisha akauliza tena bei ya ile mashine ya kati yenye breki, ya cc 59, tuliyoiona dukani.

Ilipofikia

Tumenunua kwa yule mama mwenye droo. Mashine ya kati, bapa la inchi 18, cheni mbili, tupa ya kipimo chake na kipimo cha kinundu. Kabla hatujalipa, niliomba iwashwe, nikaishika kwa mikono miwili, nikakanyaga mafuta na kuisukuma kinga kwa kifundo cha mkono. Cheni ikasimama hapo hapo. Jaribio hilo kijana analifanya sasa kila asubuhi, na wamekubaliana na shemeji kwamba siku breki isiposhika, mashine haitoki na siku hiyo analipwa nusu. Nusu hiyo ilibishaniwa sana. Nafurahi imekubaliwa.

Kibali cha kuvuna kinafuatiliwa, na bila TP, hati ya kusafirishia mazao ya misitu, kuni haziendi popote, hayo wenye mashamba mnayajua.

Iliyobaki ni suruali. Zipo suruali za kazi hii zenye tabaka la nyuzi ndefu ndani. Cheni ikigusa paja, nyuzi huchomoka, zinajizungusha kwenye gia na kuikaba mashine. Kijana anakata kwa suruali ya kitambaa na gambuti. Mafinga sikuipata inayomfaa kimo chake, nimeagiza Dar, na gharama tumegawana mimi na shemeji. Mpaka ifike, anakata magogo yaliyokwisha kulala chini tu. Miti iliyosimama itasubiri, na mwenye lori ameshaambiwa.